Mfalme Amekufa, Kinyang'anyiro Kimeanza: Saa za Kwanza Ndani ya Metaphor: ReFantazio

Mfalme yuko ndani ya jeneza, umati umejaa mbele ya kanisa kuu, wakubwa wamejipanga kwa vyeo vyao, na ghafla ardhi inatetemeka. Mwamba mkubwa kuliko jumba lolote mjini unapaa angani, na una uso. Uso wa marehemu mwenyewe! Kisha unatangaza kwamba kiti cha enzi hakitarithiwa kwa damu wala kunyakuliwa na jeshi. Siku ikifika, atakayekuwa ameungwa mkono na watu wengi zaidi ndiye mfalme. Yeyote yule. Kasisi, mwizi, jenerali, mwana wa kabila linalotemewa mate. Hapo niliweka padi chini, nikasimama, nikaketi tena, nikaichukua upesi kwa sababu nilitaka kuendelea dakika hiyo hiyo, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuwasumbua wenzangu wote kwa jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni Metaphor: ReFantazio, gemu ya Atlus iliyotoka tarehe 11 Oktoba 2024 na kuuza nakala milioni moja siku ya kwanza. Kama wewe ni mpenzi wa JRPG, zile gemu ndefu za hadithi za mtindo wa Kijapani, na unaishi Umoja, Donholm, Kayole, Buruburu, Dandora au popote Eastlands ya Nairobi, matatu za kutoka tao zinakoelekea mashariki, acha unachokifanya unisikilize. Naandika nikiwa bado mwanzoni. Sijafika hata nusu, na sina subira ya kumaliza kwanza ndipo niseme. Gemu hii inatuhusu, na inatuhusu kuliko JRPG yoyote nyingine niliyowahi kuishika.

Unacheza kama kijana wa kabila la Elda, kabila dogo linalodharauliwa kuliko karibu yote katika ufalme wa Euchronia. Kuna Waclemar wenye pembe, ambao ndio wenye ardhi na vyeo. Kuna Waroussainte wenye masikio marefu, Waishkia wenye mabawa, Waeugief walio na sura ya popo, na Waparipus wenye masikio ya wanyama, ambao wengine huwaona ni watu wa kutumwa tu. Unaingia mji mkuu, Grand Trad, hujamkosea mtu, hujaomba kitu, na tayari kuna anayenong'ona, anayekukwepa, anayekuuliza umefuata nini hapa. Nilidhani ni mapambo ya mwanzo, ya kuonyesha tu kwamba dunia hii ni kali. Lakini gemu haikuachii. Inakukuta barabarani, inakukuta jeshini, inakukuta kanisani, na kila mara unaelewa zaidi kwamba chuki hiyo ina watu inaowanufaisha.

Sisi wa Eastlands hatuhitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, tuliona Huruma, Kariobangi, Dandora na Mathare zikichorwa mipaka kwa majina ya watu, majirani waliokuwa wakiteka maji kwenye mfereji mmoja wakiulizana wametoka wapi. Ndiyo maana nilipoona gemu ya Kijapani, yenye mazimwi na wachawi na meli inayotembea kwa miguu, ikiuliza waziwazi kama watu wa makabila yaliyofundishwa kuogopana wanaweza kumchagua kiongozi mmoja bila kuuana, nilishikwa. Na tunaelekea uchaguzi wa 2027! Sijui wakati mzuri zaidi wa mtu wa Nairobi kuicheza.

Na uchaguzi wenyewe, jamani! Hakuna karatasi za kura, hakuna debe, hakuna fomu 34A. Uchawi wa mfalme unapima moja kwa moja watu wanamuunga mkono nani, na hakuna wa kuupangia matokeo. Kwa hiyo wagombea hawana njia ila kuzunguka nchi, kufanya mambo makubwa, kuonekana, kuogopwa au kupendwa. Kuna jenerali mmoja, Louis, mrembo, mwerevu, mkatili, asemaye ukweli mchungu kiasi kwamba unajikuta ukitikisa kichwa kumkubali kabla ya kukumbuka kwamba huyu ndiye aliyemuua mfalme. Atlus wamemwandika adui ambaye hotuba yake ingejaza uwanja wa Jacaranda. Huo ndio uandishi! Adui wa JRPG kwa kawaida anataka kuangamiza dunia kwa sababu zake za ajabu. Huyu anataka kura, na ana sera.

Kijana wetu anatembea na kitabu. Ndani yake imeelezwa nchi ya kubuni yenye minara ya kioo inayogusa mawingu, ambako watu wote ni wa jamii moja, wako sawa mbele ya sheria, na huchagua viongozi wao kwa kura. Yaani, riwaya yake ya kubuni ni dunia yetu! Anaisoma usiku pamoja na Gallica, kijimalaika kidogo chenye mdomo mkali kinachoandamana naye kila mahali, wanastaajabu jinsi mahali hapo palivyo pazuri, na wewe uliyekaa kwenye kochi mtaani unajua kwamba mambo si mepesi hivyo. Gemu inajua kwamba unajua. Sitasema zaidi, ila angalia inavyokuuliza jina lako mwanzoni.

Waliotengeneza ni watu tunaowajua. Mwongozaji ni Katsura Hashino, aliyeongoza Persona 3, 4 na 5. Michoro ya wahusika ni ya Shigenori Soejima, muziki ni wa Shoji Meguro. Watu hawa watatu walitufundisha kwamba JRPG inaweza kuwa ya siku hizi, yenye wanafunzi wa Tokyo, treni na simu. Mradi huu ulitangazwa kwa mara ya kwanza Desemba 2016, na kwa miaka mingi tuliona picha chache tu. Sasa wametoka kwenye korido za shule wakaingia dunia ya panga na farasi, na badala ya kupotea wamepata nguvu mpya. Katika The Game Awards za 2024 walitwaa tuzo ya hadithi bora, tuzo ya sanaa bora, na tuzo ya RPG bora. Wametendewa haki.

Muziki! Nimechelewa kuusema na ndio ulionishika kwanza. Unaingia vitani, na mtawa wa Kibudha anaanza kughani kwa Kiesperanto, kwa kasi, bila kuvuta pumzi, juu ya ngoma na tarumbeta zinazokimbizana. Nisikilize tena: mtawa wa Kibudha, kwa Kiesperanto, katikati ya vita. Mara ya kwanza nilifikiri spika zimeharibika. Baadaye kidogo nilikuwa natafuta maadui kwa makusudi ili tu nimsikie tena. Weka sauti juu. Majirani watazoea.

Hata menyu ni ya kutazamwa. Ukifungua orodha ya vitu vyako, mhusika anachorwa upya kwa brashi za wino, rangi zinamwagika, herufi zinaruka kutoka pembeni. Kuna gemu ambazo menyu yake ni adhabu. Hapa nilikuwa nafungua na kufunga bila haja.

Sasa vita, na hapa wapenzi wa kweli wa aina hii sogeeni karibu. Vita ni vya zamu, kwa mfumo ambao Atlus waliuanzisha katika Shin Megami Tensei III: Nocturne mwaka 2003, na bado haujapata mpinzani. Pembeni mwa skrini kuna alama za zamu, moja kwa kila mpiganaji wako. Ukimpiga adui kwenye udhaifu wake, zamu inatumika nusu tu, kwa hiyo umejipatia pigo la ziada. Ukikosa, unakatwa zaidi. Ukimrushia moto yule anayekula moto, zamu zako zote zinayeyuka, na sasa ni yeye anayekuja. Sheria hiyo hiyo inawafunga maadui! Wakikosea, wanapoteza zamu, wewe unapumua. Kila vita vinakuwa fumbo, na fumbo likifunguka unalifagia kundi zima kabla halijanyanyua mkono. Watu wawili wa kikosi wakiunganisha nguvu, wanatumia zamu mbili na kuachilia pigo moja ambalo peke yao wasingeliweza. Na ukiona umeharibu, unaweza kuanza vita upya kutoka mwanzo wake bila kurudishwa mbali. Shukrani nyingi kwa aliyefikiria hilo.

Kabla ya zamu kuna jambo jingine. Ukiwa unatembea pangoni unaweza kumcharaza adui papo hapo. Aliye dhaifu kuliko wewe anaanguka pale pale, hakuna kupoteza muda. Mwenye nguvu unampiga mpaka azubae, kisha unaingia vita vya zamu yeye akiwa tayari ameduwaa. Lile lalamiko la miaka nenda rudi, kwamba JRPG zinakulazimisha kupigana na konokono mmoja mara mia, limekwisha.

Nguvu zenyewe zinatokana na roho za mashujaa wa kale, zaidi ya 40 kwa jumla: mpiganaji, mchawi, mganga, mwizi, kamanda, na kadhalika. Mhusika yeyote anaweza kujifunza karibu yoyote. Mmoja wao ni mfanyabiashara, anayeshambulia kwa kutumia pesa za mfukoni mwako, na ninaapa kila mtu wa soko la Gikomba atamchukua huyo kwanza. Strohl, kijana wa familia kubwa ambaye kijiji chake kiliangamizwa, na Hulkenberg, mlinzi wa kifalme mwenye hatia moyoni na njaa isiyoisha, ndio wenzangu mpaka sasa, na tayari nimewazoea. Maadui wa kutisha kuliko wote mnaokutana nao wanaitwa Binadamu. Ni majitu yenye viungo vilivyounganishwa vibaya, midomo mahali pasipostahili, yaliyochorwa kwa kufuata kazi za Hieronymus Bosch, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1516. Jitu la kwanza la aina hiyo likikutokea, hutalisahau. Na kwa nini yaitwe Binadamu? Nina dhana zangu. Nitazishika.

Kati ya vita na vita kuna kalenda. Kila kazi kubwa ina siku ya mwisho, na kila siku unachagua ufanye nini: uingie pangoni, ukutane na rafiki, usome, upande jukwaani ukahutubie wapita njia ili ufasaha wako upande. Ndiyo, ufasaha ni mojawapo ya sifa tano za kifalme unazozijenga, pamoja na ujasiri, hekima, uvumilivu na ubunifu wa fikra. Huwezi kufanya yote. Jioni ikishapita imepita. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo siku ni ya kupangwa kwa nauli iliyobaki na saa ya kufika nyumbani, hesabu hizi zinaingia damuni mara moja.

Kasoro ipo, na mpenzi wa kweli haifichi. Sura ya dunia yenyewe, ukiacha wahusika na menyu, inaonekana ya kizamani, kingo za majengo zina meno meno, na mijini picha hukwama kwama kidogo. Kwenye PS4 utaliona hilo zaidi. Baadhi ya mapango ni korido tu. Hayo yote yalinikera kwa muda mfupi, kisha mtawa akaanza kughani.

Habari njema kwa mfuko: kuna demo ya bure, kwenye PS4, PS5, Xbox Series na kompyuta kupitia Steam. Si kionjo cha dakika kumi. Ni saa kadhaa nzima za mwanzo wa gemu, na ulichosevu kwenye demo kinaendelea kwenye gemu kamili siku ukiinunua. Anza nayo leo. Kwa wanaonunua Steam, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, inatosha, huhitaji akaunti ya benki.

Nataka kusema kitu kuhusu mtaa wetu na aina hii ya gemu, kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba JRPG si za Eastlands. Eti sisi ni watu wa mpira. Ni kweli vibanda vya PS vimejaa mpira, na sababu iko kwenye malipo: unalipa kwa mechi, mechi inaisha, mwingine anaketi. Gemu ya saa themanini haina nafasi kwenye benchi hilo. Zamani, enzi za PS2, ukijitia kusevu Final Fantasy X kwenye memori kadi ya kibanda, ukirudi wiki iliyofuata kuna mtu ameifuta aweke ligi yake. Basi tatizo halikuwa kwamba watu hawapendi hadithi. Watu wa huku wanapenda hadithi hadi wanazilipia zisimuliwe upya. DJ Afro amejenga jina zima kwa kukaa mbele ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa lugha ya mtaa, na nusu ya waliokulia Eastlands wanaijua filamu ya Kichina kwa maneno yake kuliko ya waigizaji.

Hebu fikiria hilo kwenye Metaphor. Maandishi ni mengi, na hakuna ya Kiswahili. Badala ya kulalamika, mpe padi mmoja, awe msimulizi, asome kila mhusika kwa sauti yake, Gallica kwa sauti nyembamba, Louis kwa sauti ya mheshimiwa jukwaani, na wengine wabishane ni nani apigwe kwanza. Vita vya zamu vinaruhusu! Skrini inasimama inakungoja. Ukiitwa na mama kuchukua maji, inakungoja. Mgeni akibisha, inakungoja. Mpira haukungoji, magari hayakungoji, gemu za bunduki ndizo kabisa. JRPG ya zamu ndiyo gemu inayoheshimu nyumba yenye watu wengi. (Tokeni za stima zikiisha kabla hujasevu, hapo ni wewe na Mungu wako. Sevu mapema.)

Ukishaionja Metaphor ukataka zaidi, nina gemu nyingine nyingi.

Ya kwanza ni Clair Obscur: Expedition 33, na hapa inabidi nishushe pumzi. Ilitoka tarehe 24 Aprili 2025, imetengenezwa Montpellier, Ufaransa, na Sandfall Interactive, timu ya msingi ya watu kama 30 tu, ikiongozwa na Guillaume Broche, kijana aliyeacha kazi kwenye kampuni kubwa kwa sababu alitamani gemu za zamu za utotoni mwake zitengenezwe kwa uzuri wa kisasa. Kila mwaka kiumbe mmoja mkubwa, Mchoraji, anaamka na kuandika namba kwenye mnara. Kila aliyefikisha umri huo anatoweka, anageuka petali za maua mikononi mwa anayempenda. Mwaka baada ya mwaka namba inashuka. Gemu inaanza siku anapoandika 33. Sisi tunaopanda matatu za namba 33 kwenda Embakasi hatutaiangalia tena namba hiyo kwa macho yale yale. Sehemu ya utangulizi pekee, matembezi ya Gustave na Sophie kuelekea bandarini, ina majonzi mazito kuliko gemu nzima nyingi nilizomaliza. Vita ni vya zamu, lakini adui anapopiga unakwepa au unazuia pigo kwa wakati wake hasa, na sauti ya chuma ukilizuia pigo sawasawa inakufanya upige kelele. Muziki ni wa Lorien Testard, kijana aliyegunduliwa mtandaoni kabla hajawahi kutunga muziki wa gemu yoyote. Desemba 2025 ilishinda Gemu ya Mwaka kwenye The Game Awards. Inahitaji PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu, na ilitoka kwa dola 50, zaidi kidogo ya shilingi 6,000 zetu. Changeni wanne. Inastahili.

Mwenye PS4 asisikitike. Persona 5 Royal inacheza humo bila shida, na ni shule bora ya mfumo wa Hashino: mchana mwanafunzi, usiku mwizi anayeingia ndani ya mioyo ya wakubwa waovu. Persona 3 Reload ya Februari 2024 ni fupi kidogo na nzito zaidi, maana inazungumza na kifo ana kwa ana. Ningeanza na 5.

Mwenye simu tu? Chrono Trigger. Ni ya mwaka 1995, iko kwenye Android na iPhone, na haijazeeka hata kidogo. Waliokutana kuitengeneza ni Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest, na Akira Toriyama, yule yule wa Dragon Ball, aliyetutoka Machi 2024. Safari ya kupita nyakati, tangu zama za mijusi mikubwa hadi dunia iliyokwisha kuangamia, yenye miisho mingi tofauti, na hakuna dakika iliyopotezwa. Nikitakiwa kumpa mtu JRPG moja tu maishani, ni hiyo, hata leo hii nikiwa na wazimu wa Metaphor. Honkai: Star Rail nayo ni ya bure kwenye simu na vita vyake vya zamu ni vitamu kweli, ila inauza bahati: unalipia kujaribu kumpata mhusika unayemtaka. Kwa aliyewahi kupambana na kubeti, siipendekezi kabisa.

Kompyuta kuukuu, ile ya kazi za ofisi? Chained Echoes, ya Desemba 2022, iliyotengenezwa karibu yote na Mjerumani mmoja, Matthias Linda, kwa miaka. Ni dunia nzima, ina maroboti ya kivita, na inaendesha kwenye mashine dhaifu.

Halafu kuna Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Hii ni ya kwetu Afrika: imetoka Yaoundé, Kamerun, kwa Kiro'o Games ya Olivier Madiba, ikatoka Aprili 2016 baada ya kuchangiwa na watu mtandaoni. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa siku yake kubwa kuliko zote, na yeye na mkewe Erine wanatoka kutafuta nguvu ya mababu zao. Vita vyake ni vya papo hapo, si vya zamu, na ufundi wake una mapungufu yanayoonekana. Lakini mavazi, majina, miji, ndoa iliyo katikati ya hadithi! Mke na mume wakipigana bega kwa bega tangu mwanzo, jambo ambalo Wajapani wenyewe hawalifanyi mara kwa mara. Nilipoiona nilifahamu kwamba mtindo huu haukuzaliwa kwetu lakini hakuna anayetuzuia kuuchukua. Wafaransa wameuchukua, Mjerumani kauchukua, Wakameruni wameuchukua.

Na Kiswahili? Tales of Kenzera: ZAU, ya Aprili 2024, si JRPG, ni ya kuruka na kupigana, lakini nenda kwenye mipangilio, chagua Kiswahili, na wahusika wote wanazungumza Kiswahili. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kwa ajili ya msiba wa baba yake. Kumsikia kijana Zau akibishana na mungu wa kifo kwa lugha ninayogombea nayo nauli kulinifanya niwaze: hebu Metaphor nzima ingesemwa hivi. Watengenezaji wa gemu wa Nairobi, mnaosoma hapa, mnajua ukabila, mnajua uchaguzi, mnajua mitaa ambayo ndani yake kuna hadithi za saa themanini. Anzeni na ndogo, ya zamu, ya picha za mraba mraba kama Chained Echoes. Wanunuzi tupo.

Na nyinyi wenye vibanda vya PS, kuanzia Jericho hadi Komarock: tengeni mashine moja, asubuhi moja ya wiki, wakati wateja wa mpira bado wamelala. Tozeni kwa saa badala ya mechi. Kila mteja awe na akaunti yake, na mtu asiguse alichosevu mwenzake. Anzeni na demo ya Metaphor. Haiwagharimu kitu zaidi ya intaneti ya kuipakua.